Lipa Namba ukutani, daftari chini ya kaunta: jinsi ya kupima ukomavu wa kidijitali wa biashara

Ukipita madukani katika kata ya Ndama, wilayani Karagwe, simu iko kila mahali. Mteja analipa kwa simu, oda ya bidhaa inatumwa WhatsApp, bei ya kahawa inaulizwa kwa simu. Lakini muulize mwenye duka mwezi uliopita alipata faida kiasi gani, na mara nyingi atachungulia droo ya hela kabla ya kujibu.

Hapo ndipo suala la ukomavu wa kidijitali linapoanzia. Maana yake si wingi wa vifaa. Ni kiasi gani biashara inaendeshwa kwa kumbukumbu zake yenyewe, na kama kumbukumbu hizo zinabaki hata mwenye duka akiugua, akisafiri au akiibiwa simu.

Wazo la kupima ukomavu kwa ngazi lilipata umaarufu kupitia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, ambako mwaka 1991 ulitolewa mfumo wa ngazi tano kwa ajili ya watengenezaji wa programu za kompyuta. Ngazi ya kwanza kazi inategemea mtu mmoja na bahati; ya tano kazi inapimwa na kuboreshwa kila wakati. Washauri wa biashara wameurefusha mfumo huo kwa madodoso ya kurasa nyingi. Duka la Ndama halihitaji hayo yote. Maswali machache yanatosha, ilimradi yajibiwe kwa ukweli.

La kwanza: simu ikipotea usiku huu, kesho asubuhi kitabaki nini? Kama majina ya wadaiwa, namba za wasambazaji na picha za risiti vyote vimo kwenye simu moja isiyo na nakala popote, biashara hiyo bado iko ngazi ya chini, hata kama simu yenyewe ni ya bei mbaya.

La pili: hela ya duka na hela ya nyumbani zinakaa laini moja? Hili ndilo linaloangusha wengi. Ada ya shule, mchango wa harusi na malipo ya mteja vikipita kwenye laini ileile, taarifa ya miamala inakuwa ndefu lakini haisemi kitu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo wapo wafanyabiashara wenye kumbukumbu za miaka mingi ambazo hawawezi kuzitumia kwa sababu hiyo tu. Lipa Namba inasaidia hapa: mauzo yanaingia kando, na taarifa yake ni ya duka peke yake.

La tatu: bidhaa zilizobaki zinalingana na hesabu? Tuseme duka la pembejeo lilipokea mifuko 40 ya mbolea, likauza 31, na stoo kuna 7. Miwili iko wapi? Anayegundua siku hiyohiyo anaweza kuuliza. Anayegundua mwisho wa msimu ataishia kumshuku kijana wa dukani bila ushahidi.

Na la nne, ambalo Karagwe na Kyerwa lina uzito wake, ni mkopo. Hela ya kahawa haiji mwaka mzima. Mkulima anachukua sukari, sabuni au mbolea kwa ahadi ya kulipa akishauza kupitia AMCOS yake. Deni likiandikwa kwenye kipande cha boksi, pande zote mbili zinaumia: mwenye duka anasahau au anabishiwa, na mkulima hajui anadaiwa kiasi gani hasa. Anayebanwa na shida na hakopesheki dukani ndiye anayenaswa na butura, ile biashara ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, ambayo viongozi wa Kagera wamekuwa wakiipiga vita kwa miaka. Kumbukumbu nzuri haiondoi umaskini. Ila mwenye duka anayejua nani hulipa na kwa wakati gani anaweza kukopesha bila kufilisika.

Dawa yake haianzi na kununua programu. Daftari lililojazwa kila jioni ni bora kuliko programu inayofunguliwa mara moja kwa wiki. Anza na laini ya biashara pekee. Kisha andika mauzo, matumizi na madeni kila siku kwa mwezi mzima. Kila deni likiandikwa, mkopaji atumiwe ujumbe mfupi wenye kiasi na tarehe. Ni njia rahisi, na inazuia ubishi mwingi. Baada ya hapo hamishia kwenye jedwali la simu lenye nakala mtandaoni. Programu ya kulipia ifuate pale tu jedwali linapoelemewa, na kabla ya kulipa ni vyema kuuliza kama inafanya kazi bila intaneti, maana bando huisha na umeme hukatika.

Kuna kurudi nyuma pia. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, watu wengi walilalamika na wengine wakarudia kubeba hela mkononi. Septemba mwaka huo serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Duka lenye kumbukumbu zake lilijua mauzo ya simu yameshuka kiasi gani. Lingine lilibaki kuhisi tu.

Usalama ni sehemu ya kipimo. Namba ya siri isiwe ya duka zima. Mwenye duka anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma namba hii" hupelekwa 15040.

Orodha ya wadaiwa nayo ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia majina na namba za simu zinazokusanywa na biashara. Kuweka jina la mdaiwa kwenye status ya WhatsApp ili aone aibu kunaweza kumgeuza mdai kuwa mlalamikiwa.

Kipimo hiki hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na wakati mzuri Karagwe ni kabla ya msimu wa kahawa, hela ikiwa bado haijaanza kuingia na madeni yote yakiwa wazi.