Weupe kwenye mtungi wa maji: chumvi au ukungu?

Mama au mlezi, ukiona weupe kwenye mtungi wako, uguse kwanza.

Ukiwa mgumu kama chokaa, ni chumvi. Visima vingi vya pwani ya Mtwara vina maji ya chumvichumvi. Yakipenya udongo na kukauka, chumvi hubaki nje. Haina madhara. Sugua kwa makumbi ya nazi na ndimu, kisha suuza.

Ukiwa laini kama pamba au unateleza, ni ukungu au utando. Mwaga maji, sugua ndani na nje bila sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa, anika juani hadi mtungi ukauke kabisa.

Lakini mtungi safi hausafishi maji machafu. Maji ya mtoto yachemshe, yapoe, yafunike, na uyateke kwa kata yenye mpini.