Familia ya Zwemer kwenye mlango wa Uarabuni

Mgeni anayetua leo Riyadh au Jeddah hupokewa na majiji ya mamilioni ya watu, wakiwamo maelfu ya wana Afrika Mashariki waliofuata riziki. Lakini mwishoni mwa karne ya 19, kwa familia moja ya Wamarekani, miji hiyo ilikuwa mlango uliofungwa. Makala yetu ya leo inaiangazia familia hiyo, ya Zwemer, pamoja na watoto kumi na wanane wa Kiafrika waliopitia mikononi mwake.

Kisa kinaanzia jimbo la Michigan, Marekani. Mzee Adriaan Zwemer, mchungaji wa Kanisa la Reformed, alihamia Marekani akitokea Uholanzi mwaka 1849. Katika watoto wake kumi na watano, Samuel, aliyezaliwa mwaka 1867, na mdogo wake Peter walichagua Uarabuni. Mwaka 1889 Samuel na mwenzake James Cantine, wakiongozwa na mwalimu wao John Lansing, waliunda chama walichokiita Misheni ya Uarabuni. Shabaha yao ilikuwa kufika katikati ya rasi ile, si kuishia pwani.

Hilo halikuwa jambo jepesi. Jeddah ilikuwa bandari ya mahujaji chini ya dola ya Kituruki. Mabalozi na wafanyabiashara wa Kikristo waliruhusiwa kukaa, ila kwa tahadhari kubwa, kwani mwaka 1858 mabalozi wadogo wa Uingereza na Ufaransa waliuawa humo katika ghasia. Riyadh nayo, mji wa udongo ndani ya nchi ya Najd, ilikuwa ikigombewa na koo za Al Rashid na Al Saud, hadi Abdulaziz ibn Saud alipoitwaa mwaka 1902. Kwa hiyo wamisionari walipanga mstari wa vituo pembezoni: Basra, kisha Bahrain, na mwaka 1893 Muscat, ambako Peter aliweka makao.

Mwaka 1896 mjini Baghdad, Samuel alimwoa Amy Wilkes, muuguzi wa shirika la kimisionari la Uingereza. Inasimuliwa kwamba shirika hilo lilikuwa na kanuni: mtumishi akiacha kazi mapema, sehemu ya nauli yake irudishwe. Samuel akalipa, na watu wakamtania kwamba amemnunua mke. Msikilizaji wa pwani yetu angesema tu kwamba bwana harusi katoa mahari.

Mwaka huohuo, kule Muscat, historia ya familia hii ilikutana na yetu. Mikataba ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Omani, na soko la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873. Hata hivyo, majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri. Watoto wa kiume kumi na wanane waliookolewa katika majahazi ya namna hiyo walikabidhiwa kwa Peter Zwemer na balozi wa Uingereza. Kijana huyo, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, akajikuta mlezi wa nyumba nzima. Aliwalisha, akawavisha na kuwafungulia shule.

Watoto hao walipata uhuru, lakini hawakurudishwa kwa mama zao. Walitolewa katika mikono ya mchuuzi na kuingizwa katika nyumba yenye lugha ngeni na dini ambayo hawakuichagua. Ni kweli kwamba nyumba hiyo iliwaokoa na minyororo. Ni kweli vilevile kwamba kumbukumbu zake ziliandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa Marekani, na ndani yake watoto hao wanatajwa zaidi kwa idadi kuliko kwa majina. Peter mwenyewe hakudumu. Joto na homa vilimdhoofisha, akaondoka, na mwaka 1898 akafariki New York akiwa na umri wa miaka 30. George Stone, aliyeshika nafasi yake Omani, naye alifariki mwaka uliofuata.

Huko Bahrain, Amy alianza kufundisha wasichana mwaka 1899, na mwaka 1903 misheni ikafungua Hospitali ya Mason. Halafu msiba ukapiga hodi. Mwezi Julai mwaka 1904, Samuel na Amy waliwazika binti zao wawili, Katharina wa miaka saba na Ruth wa miaka minne, waliofariki katika muda wa siku chache tu. Makaburi yao yako Manama. Wazazi hao walibaki kazini, ila mwaka 1912 walihamia Cairo. Amy alifariki mwaka 1937, na Samuel mwaka 1952.

Je, mlango wa Riyadh ulifunguka? Ulifunguka nusu, na ufunguo haukuwa mahubiri. Mwaka 1917 Ibn Saud alimwalika Dakta Paul Harrison wa misheni hiyo aje kuwatibu watu wake. Madaktari wenzake walifuata katika miaka ya baadaye. Waliruhusiwa kutibu, kisha warudi Bahrain. Kituo cha kudumu hawakupata. Walioitikia wito wa dini yao walikuwa wachache mno kote katika rasi, lakini wagonjwa waliotibiwa walikuwa wengi. Hospitali ya Bahrain ingali ikifanya kazi, na shule aliyoianzisha Amy inaendelea kwa jina la Al Raja. Waarabu walipokea kile walichokihitaji, nao wakabaki na dini yao.

Katika nchi hizohizo utumwa ulichukua muda mrefu zaidi kukoma: Saudi Arabia iliufuta mwaka 1962, na Omani mwaka 1970. Leo vijana wetu wanavuka bahari ileile kwa ndege, na mkataba wa kazi mkononi. Wanapokumbukwa waanzilishi waliolala katika makaburi ya Manama, ni haki wakumbukwe pia wale kumi na wanane wa Muscat. Wao hawakuchagua safari, hawakuandika barua kwa wafadhili, wala hawakuwekewa jiwe lenye jina. Nao pia walikuwa watoto wa nyumba ile, na kabla ya hapo walikuwa watoto wa nyumba nyingine, upande wetu wa bahari.