Kidonda cha tumbo kinachorudi: historia inayotuhusu hata sisi wa Gety

Hapa Gety, kilomita 60 hivi kusini ya Bunia, tumbo linalochoma lina majina mengi. Wengine wanaliita gastriti, wengine vidonda vya tumbo. Katika kambi za waliokimbia vita, mara nyingi utasikia jibu moja tu: ni mawazo. Mama amelala njaa, anafikiria shamba aliloliacha, basi tumbo lazima lichome. Ndugu wasikilizaji, historia inaonyesha kwamba jibu hilo limechelewesha wagonjwa wengi, huku kwetu na hata ulaya.

Tuanze na milima yetu. Maji yanayoteremka upande wa Semliki yanaingia Ziwa Albert na kufuata Nile. Yale ya upande wa magharibi yanafuata mto Ituri hadi mto Congo. Miaka ya 1960, daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akipasua wagonjwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa akiuliza hospitali za misheni za Afrika ni magonjwa gani wanayaona kwao. Wengine wakafuata njia hiyo. Mwaka 1975 Waingereza wawili, Tovey na Tunstall, wakachapisha katika jarida la Gut picha ya vidonda vya duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo baada ya tumbo. Kati ya sehemu zenye vidonda vingi ilikuwa hii ya mpaka wa maji ya Nile na Congo. Kumbe ugonjwa ulikuwa mwingi milimani kwetu kabla ya vita hizi tunazozijua.

Wakati huo dawa zilikuwa chache, kwa hiyo kidonda kikubwa kilipelekwa kwa daktari wa kupasua. Jirani yetu Nyankunde ilipata hospitali kubwa ya misheni katika miaka ya 1960. Daktari Carl Becker alitoka Oicha kwenda kuianzisha, na daktari Helen Roseveare akafundisha wauguzi pale. Mgonjwa alipasuliwa, akapona, akarudi shambani.

Lakini kuna wagonjwa ambao hawakupona. Mwaka 1955, huko Ohio, Marekani, madaktari Robert Zollinger na Edwin Ellison walieleza habari za wanawake wawili. Walipasuliwa mara nyingi na kila mara kidonda kilirudi, tena chini zaidi kwenye utumbo, mahali ambapo vidonda si kawaida. Madaktari hao hawakusema wanawake wana mawazo mengi. Walitafuta, wakakuta uvimbe katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Wakasema: huenda uvimbe huu unamwaga kitu kwenye damu kinachoamuru tumbo kutoa asidi bila kupumzika.

Kitu hicho kilikuwa na jina tayari. Mwaka 1905, Mwingereza John Edkins alikiita gastrini, lakini wenzake wengi wakakikataa kwa miaka mingi. Ni Roderic Gregory na Hilda Tracy, wa Liverpool, waliokisafisha na kukionyesha wazi mwaka 1964. Kundi hilohilo la Liverpool likaonyesha pia kwamba uvimbe wa aina ile ya Ohio unatoa gastrini. Leo uvimbe huo unaitwa gastrinoma. Unaweza kukaa katika kongosho au katika duodeni, na mara nyingi ni kansa inayokua polepole.

Matibabu ya kwanza yalikuwa makali: kuondoa tumbo lote. Dawa ya simetidini ilipofika katika miaka ya 1970, kisha omeprazole mwishoni mwa miaka ya 1980, asidi ikaweza kuzuiwa kwa vidonge. Uvimbe wenyewe bado unahitaji kupasuliwa kabla haujafika kwenye ini.

Tusiogopane. Gastrinoma ni adimu sana: watu wachache tu kwa kila milioni kwa mwaka. Vidonda vingi vina sababu mbili. Ya kwanza ni bakteria Helicobacter pylori, waliyoigundua Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, mwaka 1982. Inatibiwa kwa antibiotiki pamoja na omeprazole, na dozi lazima imalizike. Ya pili ni vidonge vya maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, vinavyouzwa sokoni kama pipi.

Mwambie muuguzi wazi ikiwa kidonda kimerudi baada ya dozi kamili, ikiwa una kuhara kwa muda mrefu kunakopungua ukimeza omeprazole na kurudi ukiiacha, au ikiwa katika familia kuna watu wenye mawe ya figo au uvimbe wa tezi. Hapo fibroskopi inahitajika, pamoja na kipimo cha gastrini katika laboratori kubwa. Omeprazole yenyewe inapandisha gastrini na inaweza kudanganya kipimo, lakini usiiache peke yako. Kidonda kinaweza kutoboka. Daktari ndiye anayepanga. Na ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje asubuhi.

Neno la mwisho linahusu karatasi. Septemba 2002 vita ilifika Nyankunde, watu wengi wakauawa, hospitali ikaporwa, na waliobaki wakakimbilia Oicha. Kila tunapokimbia, historia ya mgonjwa inabaki nyuma, na muuguzi wa kambi nyingine anaanza tena na kidonge kilekile cha kwanza. Wanawake wale wa Ohio walijulikana kwa sababu kila upasuaji wao uliandikwa. Kwa hiyo karatasi ya kituo cha afya iwekwe kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya uchaguzi. Na jina la dawa uliyomeza, na mwezi ulioimeza, mtoto anayesoma aliandike kwenye daftari.