Hizo "Hadithi Nyingine" Ziliandikwa na Nani?

Vitabu vingi vya hadithi fupi za Kiswahili vina maneno "na Hadithi Nyingine" jaladani. Hadithi moja hukipa kitabu jina, mara nyingi ya mwandishi anayefahamika, na wenzake hujibanza kwenye ukurasa wa yaliyomo. Ndivyo ilivyo Damu Nyeusi (2007), na ndivyo ilivyo Tumbo Lisiloshiba (2016). Desturi hiyo inaficha historia, kwani utanzu huu umelelewa sana na watu wasio na jina. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kuandika. Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba mpelelezi Bwana Msa, alitambulika baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58. Baadaye Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaendesha mashindano ya hadithi fupi, na hadithi zilizoletwa zikazaa mikusanyo kama Mapenzi ni Kikohozi.

Atasema mtu: waliosahauliwa wamesahauliwa kwa haki, maana wakati huchekecha. Lakini kwetu mwenye chekecheke si wakati, ni mtaala. Mohamed Suleiman Mohamed anasifiwa kila mahali kwa riwaya yake Nyota ya Rehema, ilhali Kicheko cha Ushindi, mkusanyo wake wa 1978, hautajwi sana nje ya vyuo vikuu. Nchini Kenya, Damu Nyeusi ilisomwa na kila mtahiniwa wa sekondari hadi ilipoipisha Tumbo Lisiloshiba, nayo ikaipisha Mapambazuko ya Machweo. Ubora wa hadithi haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni orodha ya vitabu teule. Na hata zikiwa orodhani, wanafunzi wengi huzijua kupitia miongozo, wakikariri maudhui na mbinu bila kucheka panapochekesha.

Mathalani, katika Tumbo Lisiloshiba mna "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad. Mzee Mambo anaandaa sherehe kubwa kwa sababu mtoto wake mmoja ameanza chekechea na mwingine ameota meno. Magari ya serikali yanahudumu, na wahusika Sasa na Mbura wanafakamia vya bure mpaka basi. Mwandishi hahubiri. Anarundika sahani, na ufisadi unaonekana wenyewe. Kwa maoni yangu, kejeli hiyo haizidiwi na ya Said Ahmed Mohamed aliyekipa kitabu jina, ingawa Said ni bingwa wa utanzu huu tangu Si Shetani si Wazimu.

Kweli, mikusanyo ya zamani ni adimu madukani. Hilo halizuii kuanza na ya karibu. Kitabu kikishatoka kwenye mtihani, nakala zake huishia kwa wauza vitabu vya mitumba. Nunua Tumbo Lisiloshiba huko, ruka hadithi ya kwanza, anza na mwandishi usiyemjua.