Mchemsho wa Huang Qin na Suala la Kipimo

Irinotekani, dawa inayotumika sana dhidi ya saratani ya utumbo mpana, chimbuko lake ni mti. Mwaka 1966 Monroe Wall na Mansukh Wani, wakiwa Marekani, walitangaza kamptothesini waliyoitoa kwenye mti wa Kichina uitwao xi shu, na irinotekani ikaundwa baadaye kutokana na kiini hicho. Basi anayedai kuwa hospitali hutoa kemikali na mganga hutoa mimea hajatufikisha mbali. Kinachotenganisha tiba hizi ni kama kiasi cha dawa, yaliyomo ndani yake na mwenendo wake mwilini vinajulikana.

Tazama inavyodhuru. Mwilini irinotekani hugeuka kuwa SN-38, ambayo ndiyo kali hasa. Ini huifunga kwa kuibandika asidi ya sukari na kuitupa kupitia nyongo. Utumboni, kimeng'enya cha bakteria huibandua asidi ile, na sumu inaachiwa upya juu ya utando mwororo. Mgonjwa huanza kuhara siku kadhaa baada ya dripu, akiwa ameshafika nyumbani. Akikaukiwa maji huku chembe nyeupe za damu zimeshuka, maisha yake yamo hatarini. Loperamidi hupunguza kasi ya utumbo. Kuukarabati ukuta uliobomoka si kazi yake.

Ni pengo hilo ambalo Yung-Chi Cheng wa Chuo Kikuu cha Yale alitaka kuliziba kwa Huang Qin Tang, mchemsho ulioandikwa na tabibu Zhang Zhongjing nchini China yapata miaka 1,800 iliyopita kwa ajili ya kuhara na msokoto wa tumbo. Una vitu vinne: mzizi wa huang qin, mzizi wa pioni, urukususu na kunazi za Kichina. Mwaka 2010 kundi lake lilichapisha matokeo ya panya wenye saratani waliopewa mchemsho huo, ulioitwa PHY906, pamoja na irinotekani. Seli zinazozalisha utando wa utumbo zilichipua upya, mwasho wa kuta ukapungua, na saratani haikupata ahueni yoyote. Kwangu hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwani kinga ya utumbo inayoukinga na ugonjwa wenyewe ni hasara tupu.

Japani nako, jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2003 liliwapa wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokuwa wakitumia irinotekani hangeshashinto, mchanganyiko wa vitu saba ambamo huang qin imo pia, na kuhara kukali kulipungua. Maelezo yanaingia akilini: baikalini iliyomo katika mzizi huo hukizuia kimeng'enya kile cha bakteria. Hata hivyo, majaribio ya awali kwa binadamu yalihusisha watu wachache, na ushahidi wa panya haumtoshi mgonjwa.

Tena, umri wa mchemsho hauthibitishi kilichomo kwenye pakiti. Mzizi wa shamba hili si sawa na wa shamba lile, wala wa masika si wa kiangazi; ndiyo maana watafiti wa Yale walilazimika kulinganisha kemia ya kila toleo kabla ya kulitumia. Muuza dawa dukani hana mashine ya kufanya hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake nchini Ubelgiji waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina uliwekwa mahali pa mwingine. Hata mmea halali huweza kuhujumu tiba: hiperikamu, ambao Wazungu huunywa kutibu huzuni, ulionekana kushusha SN-38 damuni kwa takriban asilimia 40.

Daktari anayekemea mitishamba hupata mgonjwa anayeificha. Afadhali aulize kabla ya dripu ya kwanza, kwa sauti ileile anayoulizia dawa za presha: unakunywa nini nyumbani, nani amekuchemshia, na pakiti yake umekuja nayo?