Askari wa Uhispania na Urithi wa Andalus

Wengi wetu tukisikia Uhispania tunakumbuka Andalus na kuanguka kwa Granada mwaka 1492, kisha hadithi tunaifunga hapo. Hebu leo tuwatazame askari waliokuja baada ya hapo: walivaa nini, walibeba nini?

Karne ya 16 jeshi la miguu la Uhispania liliogopwa Ulaya nzima. Mwaka 1536 mfalme Carlos wa Kwanza alitoa amri ya kulipanga katika vikosi vikubwa vilivyoitwa tercio. Usidhani walikuwa na yunifomu kama askari wa leo. La! Kila mtu alivaa nguo zake, na vitani walijuana kwa kitambaa chekundu au msalaba mwekundu. Wenye mikuki walivaa chapeo na deraya ya chuma kifuani, na mkuki wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 5 hivi. Wenye bunduki walivaa vyepesi zaidi. Bunduki zao zililipuliwa kwa utambi unaowaka, kwa hivyo mvua ikinyesha kazi imeharibika. Kiunoni upanga, na zilizosifika ni panga za Toledo, mji uliokuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1085.

Silaha hizi aghalabu hawakupewa bure, walikatwa mshahara. Na mshahara wenyewe ulichelewa miezi, hata miaka. Mwaka 1576 askari waliochoka kungoja waliuvamia mji wa Antwerp, ulioko Ubelgiji ya leo, wakaupora na kuua maelfu. Mfalme hakulipa, waliolipia ni raia wasio na kosa.

Sasa tuje kwa linalotuhusu. Mbeba bendera wa kila kombania aliitwa alférez. Aliyepita madrasa atalijua neno hili mara moja: ni al-faris, mpanda farasi! Wapanda farasi wepesi waliitwa jinete, jina lililotoka kwa Zenata, Waberberi wa Afrika Kaskazini. Ngao yao ya ngozi, adarga, ni daraqa ya Kiarabu. Kumbe walijifunza kwa Waislamu kupanda farasi na kujikinga.

Pamoja na hayo, mwaka 1567 mfalme Philip wa Pili alitangaza sheria Granada. Wamorisko, yaani wazawa wa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, wasiseme Kiarabu, wasivae mavazi yao, na wanawake watembee nyuso wazi. Disemba 1568 waliasi, wakapigwa hadi 1571. Kati ya 1609 na 1614 walifukuzwa nchini, karibu watu 300,000. Hebu fikiria: mama anakatazwa Kiarabu chake, na anayekuja kumkamata cheo chake ni cha Kiarabu!

Vijana wenzangu, tusiisome Andalus kwa kulia tu. Tuulize pia wazee wetu walijua nini hata maadui wakataka kujifunza kwao, nasi leo tunajua nini. Mwezi huu wa kusoma, tuanzie hapo. Ramadhan Karim.