Lugha ya Sullust

Katika filamu ya Return of the Jedi ya 1983, rubani Nien Nunb hupayuka kwa lugha ya sayari ya Sullust. Wengi hudhani ni makelele ya kubuni. Kumbe ni Kikuyu, kilichotamkwa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich (jina lenyewe ni la Kikalenjini, si la Kikuyu). Mtu wa Mwanza aliyekua akizungumza Kisukuma akitega sikio atashtuka: Kikuyu kina irabu saba kama lugha ya bibi yake, wakati Kiswahili kina tano tu. Watunzi wengine wa lugha za kubuni hukesha wakiunda ngeli na viambishi. Watengenezaji wa filamu hii waliazima msamiati wa Nyeri na Murang'a, wakaubandika jina la sayari.